Virusi vya muhogo: Uluguru inasubiri, Tanzania iliyoanza imesimama

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Mkuyuni na Matombo kuelekea Kisaki, muhogo unakusindikiza njia nzima. Upo nyuma ya nyumba, upo katikati ya migomba, upo kwenye miteremko mikali ya Uluguru ambako jembe la ng'ombe haliwezi kufika. Kwa mpita njia, mashamba hayo ni ya kijani na yanatia moyo. Mwenye shamba, hata hivyo, hawezi tena kuliamini jani la muhogo. Atasubiri miezi tisa, kumi, pengine mwaka na zaidi, kisha atang'oa shina, akate muhogo kwa kisu, na hapo ndipo atakapojua kama ana chakula au hana.

Muhogo ulioshikwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia huwa na nyama yenye mabaka makavu, magumu, ya rangi ya kahawia. Ukiuchemsha hauivi sawasawa. Ukiuanika kwa ajili ya makopa, unga wake una rangi mbaya na uchungu. Sokoni, mnunuzi akikata mmoja na kuona doa, anaacha gunia zima. Familia iliyotegemea shamba hilo kuvuka miezi ya njaa, wakati mahindi yameisha na mapya hayajakomaa, inakuwa imepoteza mwaka.

Ugonjwa wa pili, batobato, angalau hujionyesha. Majani hujikunja na kupata mabaka ya njano, mmea hudumaa, mizizi hubaki midogo. Magonjwa yote mawili yanasababishwa na virusi, na yote huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani. Lakini inzi hao hawabebi virusi vya michirizi kwa muda mrefu wala mbali sana. Anayevifikisha kijiji cha jirani, wilaya ya jirani na hata nchi ya jirani ni binadamu aliyebeba mzigo wa pingili begani. Muhogo hatuupandi kwa mbegu ya punje, tunaupanda kwa kukata shina la mmea wa msimu uliopita. Shina likiwa na virusi, shamba jipya linaanza likiwa linaumwa.

Hapo ndipo ugumu wote unapoanzia. Uluguru, kama kwingineko nchini, pingili hazinunuliwi. Mtu anaziomba kwa shangazi, kwa jirani, kwa shemeji aliyeolewa bonde la pili. Kwa Waluguru, ambao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, wanawake wana sauti kubwa juu ya nini kipandwe na kitoke shamba la nani. Ni mtandao wa ukarimu uliolisha watu wakati wa ukame kwa vizazi. Virusi vimejifunza kusafiri ndani yake.

Tulikuwa wa kwanza

Watu wengi huzungumzia utafiti wa virusi vya muhogo kana kwamba ni jambo la kigeni lililotua juzi kwa ndege kutoka Marekani. Historia inasema vingine. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894, na Mjerumani Warburg, kutokana na muhogo wa milima ya Usambara. Mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani kilichomo ndani ya milima hiyohiyo, H. H. Storey akaueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, nao ukaingia vitabuni kwa mara ya kwanza. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kisha Waingereza wakakiendeleza.

Storey na wenzake, R. F. W. Nichols na baadaye D. L. Jennings, hawakuishia kuandika. Walitafuta kinga. Muhogo wa kawaida haukuwa na kinga ya kutosha, hivyo wakauzalisha na jamaa zake wa mbali, hasa mti ambao wasomaji wa Pwani na Morogoro wanaufahamu vizuri: mpira, ule ambao majani yake tunayapika na kuyaita kisamvu cha mpira. Mti huo asili yake ni Brazil, na uliletwa kwenye mashamba ya walowezi wa Kijerumani kwa ajili ya utomvu, mpaka bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 na mashamba yakatelekezwa. Watafiti wa Amani waliuoanisha na muhogo, kisha wakarudia kuwaoanisha watoto wake na muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata mimea yenye mizizi ya kulika na inayoweza kuishi na virusi. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1957.

Matunda yake bado yako mashambani. Mmoja wa mimea ya Amani, uliopewa namba 46106/27, unajulikana pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso na kusini mwa Tanzania kwa jina la Namikonga. Ni kati ya aina zinazostahimili michirizi ya kahawia kuliko nyingi zinazojulikana, na mwaka 2017 timu iliyoongozwa na mtafiti wa Kitanzania, Esther Masumba, ilichapisha ramani ya sehemu za vinasaba vya Namikonga zinazobeba ustahimilivu huo. Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950. Huko zikazaa mmea ulioitwa 58308, ambao taasisi ya IITA ya Ibadan iliutumia kujenga aina zake mashuhuri zinazokinzana na batobato.

Uganda ilizihitaji aina hizo kwa machozi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali, iliyotokana na virusi viwili vilivyochanganya vinasaba vyao, ilianzia upande wa Luwero na kufagia muhogo wa nchi ile wilaya baada ya wilaya. Kulikuwa na njaa na vifo. Aina za IITA, zenye damu ya Amani ndani yake, zikasaidia kuinua tena kilimo hicho. Kisha mwaka 2004 michirizi ya kahawia ikaonekana Mukono. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kuwa ugonjwa huo ni wa pwani na nyanda za chini, kwamba juu ya mita 1,000 hauwezi kutamba. Mukono iko juu ya kimo hicho. Na aina nyingi zilizokuwa zimeiokoa Uganda na batobato zilikuwa hazina kinga dhidi ya ugonjwa mpya.

Kwa Uluguru habari hiyo ni nzito. Milima hii inapanda kutoka kwenye tambarare za Ngerengere hadi zaidi ya mita 2,600. Zamani mtu angeweza kujifariji kwamba muhogo wa Mkuyuni uko hatarini lakini wa vijiji vya juu uko salama. Baada ya Mukono, faraja hiyo haina msingi.

Jinsi uhandisi jeni unavyofanya kazi

Kuoanisha mimea kwa njia ya kawaida kuna kasoro moja ambayo kila mkulima wa muhogo ataielewa akielezwa. Ukipanda pingili, unapata mmea uleule, ladha ileile, muda uleule wa kukomaa. Ukipanda mbegu iliyotokana na ua la muhogo, kila mche unakuwa kitu kingine. Ndiyo maana mtafiti anaweza kupata kinga dhidi ya virusi na wakati huohuo akapoteza utamu, au ulaini wa kuchemka, au rangi ya unga. Kibandameno, aina ya muhogo ya pwani ya Kenya, inapendwa kwa utamu wake ingawa ni mgonjwa wa kudumu. Wakulima hawako tayari kubadilisha chakula wanachokipenda kwa chakula kizima wasichokipenda, na mimi siwalaumu.

Uhandisi jeni uliingia hapo na ahadi ya kuongeza kinga bila kugusa kingine chochote. Mmea una ulinzi wake wa asili: ukikuta chembe za RNA zenye nyuzi mbili, ambazo virusi vingi huzitengeneza vinapojizalisha, huzikata vipandevipande, na kisha huvitumia vipande hivyo kutambua na kukata kila chembe inayofanana navyo. Tatizo ni kwamba muhogo huchelewa, virusi vinakuwa vimeshasambaa. Watafiti wakachukua kipande cha jeni ya ganda la virusi viwili vya michirizi ya kahawia, wakakipanga ili kitoe RNA ya nyuzi mbili, na kukiingiza kwenye vinasaba vya muhogo. Kipande hicho hakitengenezi protini ya kirusi. Kazi yake ni kuufanya mmea uwe umeshajiandaa kabla adui hajafika.

Mradi uliofanya hivyo unaitwa VIRCA, ushirikiano wa kituo cha Donald Danforth cha St. Louis, Marekani, na taasisi za utafiti wa kilimo za Uganda na Kenya. Mimea yake ilijaribiwa kwenye mashamba yaliyozungushiwa uzio Namulonge nchini Uganda, na Kenya katika vituo vya Mtwapa, Kandara na Alupe. Mwezi Juni 2021, mamlaka ya usalama wa teknolojia hai ya Kenya iliidhinisha mmoja wao, uitwao 4046, uendelee kwenye majaribio ya kitaifa. Ulikuwa muhogo wa kwanza wa aina hiyo duniani kupata kibali cha kutoka nje ya uzio.

Nisingependa msomaji adhani njia ilikuwa nyoofu. Mwaka 2006 kituo hichohicho cha Danforth kilitangaza kwamba mimea yake ya awali, iliyotengenezwa kukinza batobato, ilikuwa imepoteza kinga. Kabla ya hapo, mradi wa viazi vitamu ulioanza mwaka 1991 kwa ushirikiano wa Monsanto na taasisi ya utafiti ya Kenya, na kutangazwa kwa sifa nyingi, uliishia mwaka 2004 na matokeo ya kukatisha tamaa: viazi vya kienyeji vilifanya vizuri kuliko vile vya maabara. Tena, muhogo wa aina ya TME 204, uliopewa kinga dhidi ya michirizi ya kahawia, ulikutwa umepoteza kinga yake ya asili dhidi ya batobato wakati wa kukuzwa maabara kutoka kwenye chembe ndogo. Jambo hilo lilichapishwa waziwazi mwaka 2016. Ikabidi mimea hiyo ioanishwe na aina nyingine ili irudishiwe kinga iliyopotea, yaani wakarudi kwenye kazi ileile ya Amani. Na mwaka 2019 watafiti waliojaribu mbinu mpya ya kuhariri vinasaba ili ikate virusi vya batobato waliona virusi vikibadilika na kuponyoka.

Nayataja yote haya kwa sababu wanaoipigia debe teknolojia hii huyaruka, na wanaoipinga huyataja peke yake. Ukiyatazama kwa pamoja yanaonyesha sayansi ya kawaida: watu wanajaribu, wanashindwa, wanachapisha walivyoshindwa, wanasogea. Michirizi ya kahawia ndiyo iliyojibu vizuri zaidi, kwani mimea ya VIRCA iliendelea kuwa mizima kwa misimu mfululizo mahali ambapo majirani zake walioza.

Kimya cha Tanzania

Nchi iliyougundua ugonjwa huu haimo kwenye orodha hiyo ya mashamba ya majaribio. Kanuni zetu za usalama wa teknolojia hai za mwaka 2009 ziliweka wajibu wa fidia mkali kiasi kwamba hakuna mtafiti aliyethubutu kupanda. Mwaka 2015 zililegezwa kwa ajili ya utafiti, na Oktoba 2016 mahindi yanayostahimili ukame yakapandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio hayo yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alirudia msimamo huo.

Hofu zilizosababisha uamuzi ule si za kupuuzwa. Watu wanauliza nani atamiliki mbegu. Kwa mahindi chotara swali hilo ni la moto, maana mkulima hurudi dukani kila mwaka. Muhogo uko tofauti: pingili ikishafika kijijini, hakuna anayeweza kuizuia isigawiwe, na VIRCA wameahidi kutodai malipo ya haki miliki. Hata hivyo ahadi ya mradi haitoshi, inapaswa kuandikwa kwenye sheria yetu. Watu wanauliza kama poleni itahamia kwenye mihogo mingine na kwenye mpira wa kisamvu uliosimama uani. Inaweza, muhogo huchanua na wadudu huutembelea, na jibu la kweli litapatikana kwa kupima hapa, penye wadudu wetu na mpira wetu. Watu wanaogopa kula virusi. Hofu hii naona haina mashiko: kila aliyekula kisamvu kutoka shamba lenye batobato amekula virusi vizima kwa mamilioni, na virusi vya mimea haviambukizi binadamu.

Kuna hofu nyingine ambayo Morogoro inaijua kuliko mikoa mingi. Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa hifadhi ya ardhi Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lenyewe halikuwa baya, udongo wa milima hii kweli ulikuwa unakwenda na maji ya Ruvu. Lakini upande wa Matombo matuta yalileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakadhoofika, na waliokataa kuyachimba walitozwa faini. Julai 1955 watu walijikusanya Matombo kupinga, polisi walifyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukavunjika. Wazee wa Uluguru walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba kwenye ardhi yao matuta yale hayatafaa. Hakuna mtaalamu aliyewasikiliza.

Katazo la mwaka 2018 na amri ya mwaka 1950 vinafanana kwa jambo moja linaloniuma: vyote viliamuliwa bila kumuuliza mwenye jembe. Mkulima wa Matombo hakuulizwa kama anataka matuta. Mjukuu wake hakuulizwa kama angependa kuona, kwa macho yake, muhogo usiooza ukikua kando ya muhogo wa aina ya Kiroba ndani ya uzio, akaupika, akauonja, akaukataa au akaukubali.

Na kama kuna mahali pa kufanyia hilo, ni Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo chini ya mlima huu tangu mwaka 1984. Makao makuu ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, yapo hapahapa. TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ina maabara Mikocheni, Dar es Salaam, ambako kazi ya kutambua virusi vya muhogo imefanywa na Watanzania kwa kiwango kinachoheshimika barani. Watu wapo na ujuzi upo.

Lakini hata serikali ikifungua mlango wa majaribio kesho asubuhi, muhogo wa aina hiyo hautafika Kiroka au Kinole kabla ya miaka mingi. Mtandao wa pingili unabaki uleule. Mmea bora kuliko wote ukiingia katika mtandao uliojaa mashina yenye virusi, mkulima hatautofautisha na mwingine, na ndani ya misimu michache utakuwa umepotea katikati ya mingine. Hapo ndipo ninapokosana na wenzangu wanaoamini kwamba jeni moja itamaliza kazi.

Kinachoweza kufanyika sasa kinajulikana. Zipo aina zinazostahimili, zilizopatikana kwa uzalishaji wa kawaida: Kiroba, Chereko, Kipusa, Mkuranga 1. Zanzibar ilitoa Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui mwaka 2007. Utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora unaruhusu mkulima wa kijijini kuzalisha pingili safi chini ya ukaguzi wa TOSCI na kuziuza kwa majirani. Ipo hata programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti, ambayo ukiielekeza kwenye jani la muhogo inakuambia ni ugonjwa gani. Vyote hivyo bado ni haba vijijini. Ukiuliza Mkuyuni ni wapi pa kununua pingili zilizokaguliwa, utaonyeshwa shamba la jirani.

Ombi langu kwa Wizara ya Kilimo na Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia usalama wa teknolojia hai, ni hili: ruhusuni majaribio ya muhogo yaliyodhibitiwa, yaongozwe na TARI na Sokoine, matokeo yake yatangazwe kwa Kiswahili yakiwa mazuri au mabaya, na wakulima wawe kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Wakati majaribio yanaendelea, pelekeni pingili safi kila kata inayolima muhogo Morogoro.

Nawe msomaji mwenye shamba, msimu huu usipokee pingili kwa kutazama majani. Mwombe mwenye nazo akung'olee mashina mawili matatu, mkate mizizi hapohapo. Ukiona doa la kahawia, hata dogo, mshukuru na uondoke bila mzigo.